Baka moja, seli za aina mbili

Nasoma slaidi za ngozi huku Uingereza, na mabaka mengi (vidoa au vinundu vya seli za rangi ya ngozi) yanayopita chini ya hadubini ni ya kawaida mno, mpaka macho yanazoea. Kwa wadogo zangu mnaosomea patholojia, nina hili: mkikuta baka lenye seli za aina mbili, msifunge faili haraka.

Kwa nje ni kinundu tu cha milimita 5 hivi, rangi ya ngozi au wekundu wa kahawia. Mgonjwa kaja kukitoa kwa sababu kinakwaruzwa na ukosi wa shati. Chini ya lenzi, pembeni kuna seli ndogondogo za baka la kawaida. Katikati zimejazana seli kubwa, nono, mipaka yake wazi, viini vimetanuka. Zamani liliitwa baka la Spitz, aina ya baka lenye seli kubwa, mambo yakaishia hapo. Tangu 2011 tunajua kwamba mengi ya aina hii yamepoteza BAP1, jeni inayozuia uvimbe, na wapo watu waliorithi hitilafu hiyo kwa mzazi. Baka lenyewe kwa kawaida halina shida. Shida ni saratani zinazoweza kuwapata waliorithi: melanoma (saratani ya seli za rangi) ya jicho au ya ngozi, saratani ya figo, na mesothelioma, yaani saratani ya utando wa mapafu.

Agizeni rangi ya BAP1, inayoonyesha kama protini ya jeni hiyo ingalipo kwenye viini. Viini vya seli ndogo vitashika kahawia, vya seli kubwa vitabaki buluu. Ila kabla ya kuandika chochote, tazameni limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) na seli za ngozi ya juu, ambazo hazijapoteza BAP1. Nazo zikikosa kahawia, basi rangi haikushika, rudieni.

Halafu pigeni simu. Fomu huja imeandikwa "baka, mgongoni", basi! Mwulizeni daktari: anayo mengine? Kuna ndugu aliyeugua jicho, figo, au utando wa mapafu? Baka likiwa moja tu, mara nyingi limejitokea lenyewe, kwa hiyo msiitishe familia nzima. Yakiwa mengi, au ukoo una historia, pendekezeni kwenye ripoti ushauri wa kijenetiki na kipimo cha damu. Hicho ndicho kinachothibitisha, si rangi yetu.

Kikithibitisha kwamba hitilafu ni ya kurithi, kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Macho yapimwe kila mwaka, na asbesto ikwepwe kabisa, maana vumbi lake huleta mesothelioma. Huko nyumbani bado kuna nyumba na madarasa yenye paa za asbesto, kwa hiyo mwulizeni mgonjwa analala chini ya paa gani, na kama kuna anayepanga kulibomoa.