"Nimetumia ChatGPT kuboresha kazi hii" haitoshi

Siku hizi nikisahihisha kazi za wanafunzi, mwishoni kabisa nakuta sentensi moja: "Nimetumia ChatGPT kuboresha kazi hii." Basi. Kuboresha nini? Uliiomba ikurekebishie tahajia, ikupangie hoja, au ikuandikie aya nzima nawe ukabadilisha maneno mawili matatu? Hayo ni mambo tofauti kabisa, na mwalimu yuleyule anaweza kuruhusu la kwanza akakataa la tatu. Sentensi hiyo hainisaidii mimi ninayesahihisha, wala haikukingi wewe uliyeiandika.

Kwanza soma maelekezo ya asaimenti yenyewe, usiishie kwenye kanuni za chuo. Ndani ya somo moja, insha inaweza kuruhusu akili mnemba (programu kama ChatGPT) na ripoti ya maabara ikaikataza. Maelekezo yasipogusia lolote, muulize mwalimu kwa maandishi na utunze jibu lake.

Ukisharuhusiwa, andika tamko linaloeleweka: programu gani, toleo lipi, lini, katika hatua ipi ya kazi, na majibu yake uliyafanyia nini. Mwanafunzi mmoja aliniandikia takriban hivi: baada ya rasimu ya kwanza aliiomba programu imtajie pingamizi dhidi ya hoja yake ya pili, nyingi zilirudia jambo lilelile, nyingine haikuhusu mada, na moja iliyobaki ameijibu ukurasa wa sita kwa makala aliyoitafuta mwenyewe. Nilipofika ukurasa huo nilijua ninachokitafuta, na nilikiona. Tamko la mistari mitatu tu, lakini nani alifikiri nini lilikuwa wazi.

Kwenye marejeo, mitindo ya kutaja vyanzo, kama APA, MLA na Chicago, haifanani. APA huiweka kampuni iliyotengeneza programu mahali pa mwandishi, kwa mfano OpenAI kwa ChatGPT, ikifuatiwa na mwaka, jina la programu na toleo. MLA haiitambui programu kuwa mwandishi. Huanza na maelezo ya kile ulichoiuliza. Chicago huridhika na tanbihi, na orodha ya marejeo haiguswi ila kama mazungumzo yana kiungo ambacho msomaji anaweza kukifungua. Ugumu wote unatokana na jambo moja: ukiuliza swali lilelile kesho unaweza kupewa jibu jingine, kwa hiyo msomaji hana pa kurudi kuhakiki. Ndiyo maana nawahimiza wanafunzi wanakili mazungumzo yote wakiwa bado wanafanya kazi, na kuyaambatisha mwishoni. Ukingoja siku ya kukusanya, nusu yake utakuwa umeshayasahau.

Kinachonikera zaidi ni takwimu au tarehe inayofuatwa na mabano ya "OpenAI, 2024", kana kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyofanya sensa. Programu hizi hutunga sentensi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata. Hazikuhakikishii kwamba jambo ni kweli. Kama imekudokezea jambo zuri, litafute kwenye chanzo chake, ukisome, ndipo ukitaje hicho. Na marejeo inayokupa fungua moja moja. Nimewahi kufuatilia rejeo ambalo jarida lilikuwepo, toleo lilikuwepo, mtafiti yupo na huandika kuhusu mada hiyohiyo, ila kurasa zilizotajwa zilikuwa katikati ya makala ya mtu mwingine. Kwa macho ya haraka usingeligundua. Mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca huko New York, mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, na kuendelea kuzitetea hata walipoulizwa zilipo.

Na kama una mahojiano ya watu kwenye utafiti wako, usiyamwage kwenye programu hizi bila ruhusa yao. Hao walikuamini wewe.

Kuna pia wanaoogopa kusingiziwa kwamba kazi yao imeandikwa na mashine, na hofu yao ina msingi. Vitambuzi, yaani programu za kukisia kama maandishi ni ya mashine, hukosea. OpenAI wenyewe waliondoa cha kwao Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo, na mwaka huohuo watafiti wa Stanford walionyesha kwamba vitambuzi walivyovijaribu viliona zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza kuwa za mashine. Kwa maoni yangu, mwalimu anayempa mwanafunzi sifuri kwa asilimia ya kitambuzi peke yake anamwonea.

Kwa hiyo tunza rasimu zako. Andika kwenye programu inayohifadhi historia ya mabadiliko, usifute madokezo, na vitabu ulivyosoma viache na alama zako. Ukiitwa kujieleza, ifungue historia hiyo mbele yao, kisha uombe uulizwe swali lolote kuhusu kazi yako.