Eti huku kuna weusi wenzetu?

Dogo, voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Eti umeambiwa pwani ya Mexico kuna miji ya weusi watupu, ukifika unajichanganya tu hakuna wa kukujua. Nani kakudanganya?

Kwamba weusi wapo, kweli. Niko Cuajinicuilapa, wenyewe wanapaita Cuaji, ukanda wa Costa Chica. Siku ya kwanza nilidhani nimeshuka Pangani, minazi, maembe, joto la kunata, na mabibi sura za kina shangazi kabisa mpaka mmoja nikamwamkia shikamoo, akanitolea macho na Kihispania juu. Babu zao waliletwa na Mhispania watumwani, wengi kutoka Kongo na Angola, ila wapo na wa Msumbiji waliozungushwa na meli mpaka Manila ndo wakaja kushushwa Acapulco. Novemba wakikumbuka marehemu wao wanacheza ngoma ya mashetani, barakoa za manyoya ya farasi, mmoja anagonga taya la punda meno yanalia kachakacha, mwingine anasugua kijiti juu ya kibuyu kilichowambwa ngozi kinanguruma kama simba. Nililia siku ile, sikufichi.

Sasa sikia. Mama ninayemparia samaki (ndiyo napara samaki, Mzee usimwambie) kijana wake alishushwa kwenye basi na watu wa uhamiaji. Kitambulisho anacho, kazaliwa hapahapa. Wakasema feki hicho, we Mmexico gani mweusi hivyo, haya imba wimbo wa taifa. Akaimba, kasimama pembeni ya lami, basi zima linamchungulia dirishani. Na jimbo lenyewe linaitwa Guerrero, jina la rais aliyefuta utumwa 1829, naye alikuwa na damu ya Kiafrika! Katiba yao imekuja kuwataja hawa watu 2019, jana tu hapo, sensa ya 2020 wakahesabika milioni 2.5, na bado mtu anaimbishwa.

Huyo ni mwenye nchi. Mimi je? Kikaratasi changu kinanitaka nibaki Chiapas, jimbo jingine kule kusini nilikoombea hifadhi, mpaka wanijibu, kwa hiyo basi sipandi, mwezi wa nane huu Cuaji sijatoka, na wewe unaniuliza nimetembea wapi na wapi.

Usije. Uza hiyo pikipiki ufungue duka, kaa na Mama. Najua utasema mbona mimi niliondoka nikawaachia mzigo wote, sema tu, una haki. Hela ya dawa zake natuma Ijumaa, safari hii pungufu kidogo. Ila kama wakala ushamlipa na kichwa chako nakijua, basi pale Darién, ule msitu kati ya Colombia na Panama, usibebe begi kubwa, watu wanayatupa njiani, na Kihispania anza leo, na huo wimbo wao uukariri kabisa.

Mimi kiitikio na ubeti wa kwanza ninavyo. Naimba huku napara, mama ananisahihisha zile r.