Kidole cha sita nakitoa wapi?

SWALI: Shikamoo anko. Mi napiga kinanda kwenye usharika mmoja huku Moshi, nimejifunza kwa kusikia na solfa kidogo. Nikipiga nyimbo za ibada huwa natupia manjonjo yangu, sasa mwalimu wa kwaya kanijia juu, eti nyimbo za Wajerumani wa zamani zinapigwa zilivyoandikwa, wale hawakuwa watu wa kubuni. Halafu jamaa kanipa fotokopi ya nota za zamani, ni besi tupu, chini yake kuna 6, 7, mara 4 3, nikajua ni namba za vidole, sasa kidole cha sita nakitoa wapi? (Mpiga kinanda, Pasua)

JIBU: Marahaba kijana wangu, nimecheka peke yangu hapa mpaka chai imepoa. Hizo namba sio za vidole, na ndo zinazokutetea kwa mwalimu. Kuanzia miaka ya 1600 hivi, mpiga ogani Ulaya alikuwa anapewa besi na namba basi, mkono wa kulia hauandikwi, ajaze mwenyewe hapohapo watu wakimsikiliza.

Jaribu sasa hivi. Besi yako ni mi, chini yake kuna 6. Hesabu kupanda, mi moja, fa mbili, so tatu, la nne, ti tano, do sita. Bonyeza so na do juu ya hiyo mi (ile ya tatu haiandikwi, inajulikana ipo). Pasipo na namba weka ya tatu na ya tano. Ukikuta 4 3 kwenye so, shika do kwanza alafu ishushe kwenye ti, utaisikia tu, ni ule mshuko wa kabla wimbo haujatua. Uzipange juu au chini, uzibonyeze kwa pamoja au uzivunjevunje, hiyo ni juu yako.

Na sio kinanda tu. Corelli, Mtaliano, alichapisha sonata zake (vipande vya muziki wa ala) za vayolini mwaka 1700, zile sehemu za taratibu ukiziona ni nota chache kavu kabisa, 1710 mchapaji wa Amsterdam akazitoa tena manjonjo yamejazwa, akidai ndivyo Corelli mwenyewe alivyokuwa akizipiga.

Ila sasa sikia ya Bach, mtunzi wa Kijerumani, Mlutheri mwenzako. Februari 1706, ana miaka 20, anapiga ogani kule Arnstadt, baraza la kanisa likamwita. Kosa la kwanza aliomba ruhusa wiki nne kwenda Lübeck akakaa karibu mara nne yake. La pili ndo lako kabisa, kwamba anachomeka sauti za ajabu ndani ya nyimbo za ibada mpaka waumini wanapotea. Tena walilalamika anapiga marefu mno, na alipoambiwa akafupisha mpaka ikawa kero nyingine!

Kwa hiyo kwenye historia mwalimu kachemka, ila kwenye ibada ana pointi, maana bibi wa benchi la mbele anafuata kinanda na wewe ukikata kona katikati ya mstari unamwacha njiani. Manjonjo yaweke kwenye utangulizi na kati ya ubeti na ubeti, na hiyo fotokopi mpelekee mwalimu, muulize kidole cha sita kiko wapi.