Usinunue Simu Mpya, Geuza Mbuzi Dirishani

Dada mmoja wa Kisauni ameniandikia akitaka nimchagulie simu mpya, maana picha anazopiga nyumbani, mbuzi ya nazi, vikombe, leso kwenye kamba, zinatoka bapa, hazina uhai. Dada, hela hiyo iweke. Kinachokuharibia picha ni saa unayopiga na mahali mwanga unakotokea.

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua halitoki mbali na utosi mwaka mzima, na Machi na Oktoba hupita juu kabisa. Kitu kilichowekwa uwani saa hizo hakina kivuli cha ubavuni, na bila kivuli hicho jicho halioni umbo. Nje piga tangu jua kuchomoza hadi saa mbili na nusu asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi na nusu jioni. Katikati hapo ingia ndani. Wakaazi wa Mji wa Kale mna bahati: ukuta mweupe wa ng'ambo ya kichochoro huwarudishia mwanga laini dirishani hata saa sita.

Chukua hiyo mbuzi yako. Iweke kama mita moja kutoka dirishani, dirisha liwe ubavuni mwako, si mgongoni. Zima taa, tafadhali zima. Mwanga wa balbu ni wa manjano, wa dirishani una ubuluu, na simu haiwezi kusawazisha zote mbili kwa pamoja. Tena umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo balbu nyingi za LED humemeteka mara 100 kwa sekunde na kuchora mistari myeusi kwenye picha. Ukikosa budi, weka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100. Upande wenye giza simamisha karatasi nyeupe ya manila, sentimita 30 hivi kutoka kwenye mbuzi. Meno ya chuma yataonekana moja moja.

Sasa usiisogelee. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na ukikaribia mno, ncha ya mbuzi hufura na kiti chake hunywea. Rudi nyuma hatua moja au mbili, piga, ukate kingo baadaye. Gusa kioo hapo penye meno, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha teremsha alama ya jua kidogo kidogo hadi uone chembe za nazi iliyokunwa. Weupe ukishaungua haurudi tena. Giza unaweza kuliinua. Ukuta wa chokaa ukijaza picha nzima, fanya kinyume: pandisha, la sivyo simu itaufanya kijivu.

Dele la kahawa lina tabu yake, shaba humwonyesha mpigaji. Vaa nguo nyeusi, simama kando.

Lenzi nayo ioneeni huruma. Chumvi ya bahari na mafuta ya vidole huacha ukungu, kila taa ikatoka na mkia. Puliza vumbi kwanza, kisha pangusa kwa kitambaa laini cha pamba chenye unyevu wa maji baridi yasiyo ya chumvi, ukaushe. Kuifuta kwa pindo la shati lenye mchanga ni kuikwaruza. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi itafuka jasho; ngoja ipate joto, maana ukiifuta itafuka tena.

Leso ndiyo inayowashinda wengi, na ndiyo tamu kuliko vyote. Ipige jua likiwa nyuma yake, rangi ziwake. Kusi likivuma weka shata 1/500 ama juu zaidi, isitoke ukungu. Washa mistari ya gridi, simu iwe sambamba na kitambaa, kwenye kimo cha jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu ya leso, na jina lote lisomeke mwanzo hadi mwisho. Pindo likijikunja juu ya herufi, lifunge kibanio cha nguo kwa chini, upige upya.