Kabla Hujaandika Dawa ya Tumbo: Kwa Mnaoanza Wodi ya Upasuaji

Swali mtakalolazimika kulizoea mapema kwenye wodi ya upasuaji ni "Umeshajamba?" Wengi wenu litawatia haya, hasa mgonjwa akiwa mzee wa kukuzaa. Ulizeni tu, ila chagueni maneno. Kwa kijana mwenzako jambo linasemwa lilivyo. Kwa mzee unaanza na shikamoo, kisha, "Baba, hewa imeshatoka huko chini?" Atakujibu, na jibu lake litakufaa kuliko dakika tano za kusikiliza tumbo kwa stetoskopu.

Tumbo likishafunguliwa kwa upasuaji, njia yote ya chakula hugoma, lakini hairudi kazini kwa pamoja. Utumbo mwembamba huamka mapema, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza. Mfuko wa tumbo hufuata, siku ya kwanza au ya pili. Utumbo mpana ndio wa mwisho, kati ya saa 48 na 72. Kwa hiyo ngurumo mnazozisikia asubuhi baada ya upasuaji huenda ni za utumbo mwembamba peke yake, na huko mbele bado hakuna kinachopita. Hewa ikitoka, misukumo imefika mwisho wa njia.

Interni wengi wanaokuja kwetu wanazijua dawa kwa majina na vipimo. Ukiwauliza dawa hiyo inagusa nini ndani ya utumbo, wanatazamana. Ninachotaka mkizoee ni hiki: mkikuta utumbo umesimama, au unakwenda mbio, ulizeni kwanza ni ishara gani imekosekana au imezidi, na inatoka wapi. Kwenye msuli wenyewe? Kwenye neva zilizomo ukutani mwa utumbo? Au kwenye neva zinazotoka nje?

Chukueni karatasi mchore ukuta wa utumbo, msitegemee picha ya kitabuni. Kuna tabaka mbili za misuli laini: ya ndani inauzunguka utumbo, ya nje inakwenda kwa urefu. Katikati ya tabaka hizo umetandazwa mtandao wa neva unaoitwa wa Auerbach. Uko mwingine, wa Meissner, karibu na utando wa ndani, ambao shughuli yake kubwa ni majimaji na damu. Kwa habari ya mwendo, shikeni wa Auerbach.

Mwaka 1899, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zinazouunganisha utumbo wa mbwa na ubongo na uti wa mgongo, kisha wakausisimua mahali pamoja. Juu ya mahali pale utumbo ulikaza, chini yake ukalegea, na kilichomo kikasogea mbele. Mwaka 1917 Mjerumani Paul Trendelenburg alifanya hivyo kwa kipande cha utumbo wa simbilisi kilichotolewa kabisa mwilini na kuwekwa ndani ya maji ya chumvi yenye joto na oksijeni. Alipokijaza maji kidogo, kilianza kusukuma chenyewe. Ubongo wa mnyama haukuwa na la kusema. Ndiyo maana mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo bado chakula kinasafiri tumboni mwake, ingawa kutoa choo kunamsumbua.

Sasa mdundo, sehemu ambayo wengi huiruka. Ndani ya ukuta kuna seli za Cajal, zilizopewa jina la Mhispania Santiago Ramón y Cajal, ambazo hutoa mawimbi madogo ya umeme bila kuagizwa na mtu: karibu mara 3 kwa dakika kwenye mfuko wa tumbo, karibu mara 12 mwanzoni mwa utumbo mwembamba, karibu mara 8 mwishoni mwake. Kwenye utumbo mwembamba mawimbi hayo peke yake hayatoshi kukaza msuli. Ni ngoma inayopigwa uwanjani usiku kucha: mdundo upo, lakini wachezaji hawainuki mpaka waitwe. Anayeita ni asetilikolini, kemikali inayotolewa na neva. Neva ikiimwaga karibu na msuli, inashika vipokezi vyake juu ya msuli, viitwavyo vya muskarini, kalsiamu inapanda ndani ya seli, na wimbi linalofuata linakuta msuli uko tayari. Noradrenalini kutoka neva za nje huuzima wito huo, kwa sehemu kubwa kwa kuzizuia neva za ukutani zisitoe asetilikolini. Dawa nyingi tunazoandika haziugusi mdundo, zinagusa wito.

Kukaza ni nusu tu ya kazi. Msukumo hauendi popote kama mbele hapajalegea, na kulegea nako kunaagizwa: neva za ukutani hutoa oksidi ya nitriki na kemikali nyingine zinazouachia msuli. Hapa ndipo mwanafunzi hupoteza maksi, na hapa ndipo mtoto mchanga anaweza kupotea. Kuna watoto wanaozaliwa bila seli za neva kwenye kipande cha mwisho cha utumbo mpana, kwa sababu seli hizo, zinazosafiri kutoka juu kwenda chini mimba ikiwa changa, hazikufika mwisho wa safari. Tatizo hili humpata karibu mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana zaidi. Kipande kisicho na neva hakipati amri ya kulegea, kwa hiyo kimebana daima. Juu yake utumbo unajaa na kuvimba.

Angalieni mtego uliopo. Sehemu iliyovimba, inayotisha kwenye picha ya eksirei, ndiyo nzima. Mbovu ni ile nyembamba inayoonekana haina neno. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark, alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1886 aliutazama uvimbe, na waliomfuata wakautazama uvimbe kwa miongo mingi, hadi miaka ya 1940 Orvar Swenson, huko Boston, alipoanza kuondoa kipande chembamba na watoto wakapona. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia ambaye hajapata kile choo cheusi cha kunata ndani ya saa 48 tangu azaliwe, tumbo limejaa na anatapika kijani, msimpe mama maneno ya "subiri kidogo." Mkimpima kwa kidole njia ya haja kubwa na choo kikaruka pamoja na hewa, mwiteni daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo.

Nani anaanzisha mambo yote haya? Mara nyingi ni chakula chenyewe. Kikipita kinausugua na kuutanua utando wa ndani, na seli maalumu zilizopo pale zinamwaga serotonini, ambayo inaziamsha neva za ukutani. Watu huijua serotonini kama kemikali ya furaha, lakini sehemu kubwa mno ya serotonini ya mwili, zaidi ya asilimia 90, iko tumboni. Ndiyo sababu ondansetroni, inayoziba aina mojawapo ya vipokezi vya serotonini ili kuzuia kutapika, humwacha mgonjwa amefunga choo.

Tumbo tupu nalo lina utaratibu wake. Mtu asipokula kwa saa kadhaa, kila dakika 90 hadi 120 hivi wimbi kali linaanzia kwenye mfuko wa tumbo na kufagia mabaki hadi mwisho wa utumbo mwembamba, likiongozwa kwa sehemu na homoni ya motilini. Ngurumo za alasiri ya Ramadhani zinatokana na ufagio huo. Erithromisini hujishikiza kwenye vipokezi vya motilini, na hapo mmeelewa kwa nini wagonjwa wanaomeza vidonge vyake hulalamika tumbo linasokota.

Tuje kwenye karatasi ya dawa, maana ndiko mtakakoulizwa kwenye raundi.

Morfini na pethidini, dawa kali za maumivu, hushika vipokezi vilivyo kwenye neva za Auerbach na kuzuia asetilikolini isitoke. Utumbo haulali kabisa, unabana ovyo bila kusukuma. Kutulizwa maumivu na kusinzishwa na dawa hizi mwili huzoea, kufunga choo hauzoei. Mgonjwa wa tiba shufaa anayeanza morfini ya maji aandikiwe dawa ya kulainisha au kusukuma choo siku hiyo hiyo. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, ni ndugu wa dawa hizo ambaye kwa kipimo cha kawaida haingii ubongoni. Mtoto anayeharisha msimpe. Mpeni maji ya ORS na zinki, kwa sababu utumbo uliosimamishwa unabaki na majimaji na vijidudu ndani.

Buscopan huziba vipokezi vya muskarini. Kwa msokoto wa tumbo inafaa. Lakini mtaona mgonjwa wa siku ya tatu, tumbo limejaa kama mpira, analalamika maumivu, na mtu wa zamu ya usiku kamwandikia Buscopan. Utumbo umekosa asetilikolini, naye anaiziba hiyo kidogo iliyobaki! Plasil nayo, yaani metoklopramidi, hufanya kazi zaidi kwenye mfuko wa tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba, utumbo mpana hausaidii sana. Na kama njia imezibwa na ngiri iliyonasa au utumbo uliojipinda, kuusukuma ni kutafuta kuupasua. Hakikisheni kwanza kama utumbo umegoma au umezibwa.

Kabla ya dawa yoyote, angalieni potasiamu. Mgonjwa aliyetapika siku nyingi au mwenye mpira wa puani unaotoa majimaji kutwa anaipoteza, na potasiamu ikishuka msuli hauitiki hata neva zikiita. Irudisheni taratibu ndani ya dripu. Haisukumwi kwa bomba la sindano hata siku moja, itasimamisha moyo.

Upande wa pili wa shilingi mtauona msimu wa kilimo: mtu aliyekunywa au kumwagikiwa dawa ya wadudu ya shambani ya jamii ya oganofosfati. Dawa hiyo huua kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, nayo inarundikana kila mahali: mate, jasho, mboni ndogo kama ncha ya pini, kuharisha, kifua kilichojaa majimaji. Hapa atropini, inayoziba vipokezi vya muskarini kama Buscopan, ndiyo ya kwanza, na kipimo chake kinafuata kifua na moyo. Ongezeni mpaka mapafu yakauke na mapigo na shinikizo la damu viinuke. Msiingojee mboni, huchelewa. Baada ya hapo tumbo linageuka kipimo chenu cha kuzidisha. Mgonjwa akianza kuweweseka, joto limepanda, na ngurumo za tumbo zimekatika kabisa, atropini imepita kiasi: simamisheni dripu yake, mrudieni baada ya nusu saa, na mkianza tena iwe kwa kasi ndogo kuliko ya mwanzo.