Maswali ya Wasomaji: Jahazi Ndani ya Chupa

Safari hii barua karibu zote zinauliza habari za jahazi la ndani ya chupa, basi tumezipa ukurasa mzima. Vipimo tunavyotaja ni vya chupa ya kawaida ya mililita 750 yenye shingo ya milimita 18 kwa ndani na tumbo la milimita 70. Chupa ya siki, ya sharubati au ya mafuta ya zeituni inafaa, mradi kioo kiwe kiangavu na kisiwe na maandishi yaliyochomoza. Usitegemee rula ya mdomoni peke yake. Pitisha vijiti vya unene tofauti mpaka mwisho wa shingo, maana kioo cha baadhi ya chupa kimevimba kwa ndani.

Shikamooni wahariri. Nimechonga jahazi la urefu wa milimita 64 na kifua (upana) cha milimita 20. Haliingii. Nikilipunguza mpaka liingie linageuka mtumbwi. Wenzangu wanaotengeneza meli za Kizungu hawapati taabu hii. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Uchongaji wako hauna kosa, na tafadhali usilikondeshe. Tatizo liko kwenye umbo la chombo chenyewe. Chukua Cutty Sark, ile meli ya chai ya mwaka 1869 iliyohifadhiwa Greenwich: urefu wake ni karibu mita 65 na upana mita 11, yaani inakaribia kuwa ndefu mara sita ya upana wake. Ukiichonga kwa upana wa milimita 12 unapata urefu wa milimita 70, na chupa inajaa vizuri. Jahazi ni chombo cha mizigo, kifua chake ni karibu theluthi ya urefu. Kwa upana huohuo wa milimita 12 utapata kijahazi cha milimita 40 kinachopotea ndani ya chupa.

Dawa ni kulipasua katikati kwa urefu, toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kila nusu iingie peke yake. Kwa kuwa lako umeshalichonga kipande kimoja, lianze upya hivi. Tafuta vipande viwili vya mti laini wenye nyuzi zilizoshikana. Mjakaranda au mwarobaini uliokauka sawasawa unafaa. Msonobari tunaukataa kwa sababu pete zake ni moja ngumu moja laini, na kisu huruka. Kila kipande kiwe milimita 70 kwa 12 kwa 11. Vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao huku umeweka karatasi ya gazeti katikati, uviache usiku mzima. Kabla ya kuchonga, toboa matundu mawili ya milimita 1.5 yapite vipande vyote viwili toka ubavu hadi ubavu. Yawe ndani ya milimita 4 za chini, ambazo bahari itazifunika. Sasa chonga jahazi kama kipande kimoja, lipige msasa, lipake rangi. Ukimaliza, ingiza wembe kwenye karatasi ya gazeti na nusu mbili zitaachana bila kubanduka kibanzi. Vijiti vya mishikaki vilivyochongwa viwe vembamba ndivyo misumari itakayoziunganisha tena ndani ya chupa.

Kila nusu ina upana wa milimita 10 na kimo cha milimita 10, na toka pembe hadi pembe ni milimita 14. Inapita kwenye shingo ya 18 bila kusukumwa.

Mlingoti hauwezi kusimama juu ya ufa, kwa hiyo tengeneza kipande cha tatu: ubao mwembamba wa upana wa milimita 12 na unene wa 1.5, unaolala juu ya nusu zote mbili na kubeba mlingoti, foromali (mti mrefu unaoshika tanga), tanga na kamba zote. Ukikunjwa pamoja na vitu vyake unafikia kimo cha milimita 9. Ukingo wa ubao huo utaonekana, nao tunaufunika kwa shehena ya boriti: vijiti vya meno vilivyopasuliwa, vikapakwa kahawia, vikalazwa pande zote mbili. Jahazi zetu zilipeleka boriti za mikoko Uarabuni kwa karne nyingi, kwa hiyo shehena hiyo ni haki yake chombo, haikuwekwa kwa ajili ya kuficha tu.

Kata tundu la milimita 17 kwenye kipande cha bati au kadibodi ngumu. Kila kipande kipite humo mara tatu mfululizo kabla ya kuisogelea chupa.

Mlingoti wangu unasimama lakini ncha ya juu ya foromali inagota kwenye kioo, na tanga linakunjamana. (Msomaji, Maskat, Oman)

Ulipima mlingoti ukasahau kwamba kwenye jahazi kinachofika juu kabisa ni foromali. Hesabu yake ni hii. Toa bahari milimita 12 kwenye 70, toa ubavu ulio juu ya maji milimita 6, kisha acha nafasi ya milimita 3. Zinabaki 49. Foromali ya milimita 56 iliyoinama nyuzi 50, ncha yake ya chini ikiwa milimita 3 juu ya ubao, inafika milimita 46. Mlingoti wenyewe unatosha kuwa na milimita 32. Ukitaka foromali ndefu zaidi, ilaze zaidi. Lakini ikishuka chini ya nyuzi 45 jahazi linaonekana kama linashusha tanga.

Tanga nalo lisikunjwe, liviringwe. Karatasi nyembamba iliyochovywa kwenye chai ya rangi na kukaushwa inapata rangi ya kitambaa cha marekani kilichopigwa na jua, na penseli ngumu inachora mishono inayofuata ukingo wa nyuma. Gundi ipakwe kwenye foromali tu. Viringa karatasi kuizunguka foromali kwa mkono mwepesi, nayo itafunguka yenyewe demani (kamba ya pembe ya nyuma ya tanga) ikivutwa.

Kwa kuwa wengi huuliza kamba zinavyokwenda, tueleze hapa. Mguu wa mlingoti una tundu la milimita 0.7 toka upande hadi upande. Waya mwembamba unapita humo na miguu yake miwili inazama kwenye ubao. Hiyo ndiyo bawaba. Mlingoti hulala kuelekea tezi, na chombo huingia tezi mbele ili omo ibaki upande wa shingo. Kamba ya kwanza inatoka kichwani mwa mlingoti, inapita kwenye tundu la omo na kutoka nje ya chupa. Ya pili inatoka ncha ya chini ya foromali na kupita tundu lake hukohuko mbele. Ya tatu ni demani: toka pembe ya nyuma ya tanga hadi tundu la tezi, kisha chini ya ubao mpaka mbele. Zifungie vipande vya karatasi vyenye namba 1, 2 na 3. Uzi uwe wa polyesta uliopakwa nta ya nyuki. Wa pamba hulegea hewa ikiwa na unyevu.

Kamba mbili za ubavuni hazitoki nje. Zimefungwa kwenye kingo za ubao, nyuma kidogo ya mlingoti, na urefu wake ndio unaouzuia mlingoti usipite kiasi. Hapo waliojifunzia kwenye michoro ya meli za Ulaya huteleza: milingoti yao husimama wima au huegama nyuma, wa jahazi huinamia mbele. Pima kamba za ubavu huku mlingoti umeinama mbele nyuzi kama 8, ndipo uzifunge.

Na tanga likae upande gani? Foromali hukaa upande unaokwenda upepo. Ukiamua upepo unatoka kushoto, foromali iwe kulia mwa mlingoti, tanga livimbe kulia, na povu la mawimbi lielekee kulia. Tumeona kazi nzuri sana zilizoharibika kwa sababu mawimbi yanatoka huku na upepo unatoka kule, na baharia yeyote huligundua hilo kabla hajasifu chochote.

Nilitumia supagluu. Siku ya pili chupa yote imeingia ukungu mweupe kwa ndani. Je, inasafishika? (Msomaji, Mombasa)

Ukungu huo ni mvuke wa gundi yenyewe. Supagluu inapokauka hutoa mvuke, na ndani ya chupa hauna pa kwenda, hivyo unatua kwenye kioo na kuganda. Hupenda zaidi mahali penye unyevu na alama za vidole. Pamba iliyofungwa kwenye waya na kuloweshwa asetoni kidogo huuondoa, ila ikigusa jahazi itakula rangi, basi anza na kioo kilicho mbali na chombo na ubadilishe pamba kila mara. Kwa kazi ijayo, ndani ya chupa tumia gundi nyeupe ya mbao. Inachelewa, ndiyo. Shikilia kamba zikiwa zimevutwa kwa kuzibana na mkanda wa gundi nje ya mdomo, uziache saa 24, kisha ukate. Tone hupelekwa kwenye tundu kwa spoki ya baiskeli iliyonyooshwa na kunolewa ncha. Kwa kukatia, kipande kidogo cha wembe kilichofungwa kwenye spoki nyingine kinatosha.

Bahari yangu ya plastisini imetoa mafuta na kuachana na kioo. (Msomaji, Bujumbura)

Plastisini haikauki kamwe. Ni unga uliokandwa kwa mafuta na nta, na dirishani penye jua hulainika na kutoka jasho. Tumia puti ya vioo, ile ya unga wa chaki na mafuta ya kitani, iliyokandwa na rangi ya mafuta: buluu na kijani kidogo, na nyeupe kwa povu. Kwa kina cha milimita 12 unahitaji kama mililita 70. Ifinyange iwe kama kamba nene kiasi cha kidole cha mwisho. Kabla ya kuiingiza, viringa karatasi ngumu iwe bomba, ulipitishe kwenye shingo mpaka tumboni, puti ipite humo ndani. Mafuta yakishagusa shingo utaifuta wiki nzima. Ikandamize kwa spoki iliyopondwa ncha ikawa bapa.

Zilaze nusu mbili za jahazi wakati puti ingali laini: ya kwanza ikiwa na vijiti vyake, kisha ya pili iisukumie. Baada ya hapo subira. Mafuta ya kitani hukauka kwa kunywa hewa, kwa hiyo mdomo uachwe wazi wiki tatu mpaka sita. Ubao wa mlingoti usiuingize kabla ya puti kushika, kwa sababu ukivuta kamba jahazi zima litang'oka baharini.

Nataka kuweka ngalawa badala ya jahazi. Mirengu (mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke) itapitaje? (Msomaji, Kilwa)

Ngalawa ni nyembamba, wala haihitaji kupasuliwa. Kila mti wa kukingama uushike kwenye mtumbwi kwa pini moja tu katikati, na kila mrengu uushike kwenye ncha za miti hiyo kwa pini pia. Usitie gundi. Ukisukuma mrengu mmoja mbele, wa pili unarudi nyuma na vyote viwili vinalala ubavuni mwa mtumbwi. Kwa mtumbwi wa upana wa milimita 6 na mirengu ya milimita 3, ukikunja unapata milimita 12 au 13. Ndani ya chupa uzi mmoja uliofungwa kwenye mrengu wa nyuma unavutwa na kufungua vyote. Pini ziwe huru kiasi cha kuanguka kwa uzito wake. Rangi ikiingia kwenye matundu zitagoma, nazo huwa zinagoma zikiwa ndani.

Kazi hii ilianzia wapi? (Msomaji, Toronto, Kanada)

Ulaya, na meli haikuwa ya kwanza kuingia. Mapema katika karne ya 18 mafundi wa Ulaya ya kati walikuwa wakiweka mifano ya migodi ndani ya chupa, watu wadogo na ngazi zao. Miongoni mwa meli za chupa za zamani zaidi zenye tarehe ni ile ya mwaka 1784 iliyopo Lübeck, Ujerumani. Ukifika London, nenda Greenwich ukaione chupa ya msanii Yinka Shonibare, iliyowekwa kwanza Trafalgar Square mwaka 2010: ni mfano wa meli ya Nelson, amiri wa majini wa Uingereza, HMS Victory, na matanga yake yote 37 ni ya vitambaa vya mtindo wa kitenge.

Nizibe chupa lini? Niliziba mwezi wa Aprili, sasa asubuhi kuna matone ndani. (Msomaji, Unguja)

Ulifungia masika humo ndani. Hewa ya Aprili imebeba maji, na usiku ukipoa maji hayo yanatua kwenye kioo. Yakikaa, karatasi ya tanga inaota ukungu. Ng'oa kizibo, acha mdomo wazi umefunikwa kitambaa chembamba, na usubiri siku kavu za upepo wa kaskazi. Weka chupa mahali penye joto la wastani kwa saa kadhaa, si juani, kisha ziba ingali na uvuguvugu. Kizibo kiwe kikavu nacho. Angalia kioo asubuhi tatu mfululizo. Kioo kikibaki safi, ndipo uyeyushe lakiri juu ya kizibo.