Muulize Bibi Muuguzi: Nimechoka kutoboa vidole

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi nadarizi kofia hapa Ngamiani, barabara ya 15. Nina kisukari, najichoma insulini, napima mara nne kwa siku. Vidole vimeota sugu, na wiki iliyopita tone la damu liliharibu kofia ya watu, nyeupe, imebaki kumalizia tu. Mpwa wangu kaniletea mashine ya kupima sukari kutoka Dubai, na kijitabu chake kina picha ya mtu akijitoboa mkono, chini ya kiwiko. Nihamie huko moja kwa moja?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kofia. Hamia, ila usikiage kidole.

Mkononi hapaumi sana, hilo kweli. Shida yake ni uchelewaji. Sukari ikipanda au kushuka kwa kasi, damu ya kidole ndiyo inayoonyesha kwanza; ya mkono hufuata nyuma, pengine dakika 20 au 30. Kwa mtu wa insulini nusu saa ni ndefu. Mimi mwenyewe, na uuguzi wangu wote, nilitoka soko la Mgandini kwa miguu na kapu la nazi, jasho linanitiririka, mikono inatetemeka. Nikapima mkononi: 5.8. Nikasema basi, ni jua la Tanga. Mjukuu wangu hakuridhika, akanishika kidole: 3.2, sukari imeshuka mno! Alinikorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikanywa, baada ya robo saa tukapima tena. Kidoleni, safari hii.

Kwa hiyo mkono uupime asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni, au saa mbili na zaidi zikishapita tangu ule, ujichome au ufanye kazi ya kutoa jasho. Ukihisi sukari inashuka, au kama wewe hushuka bila kuhisi, ni kidole tu. Nyama iliyotuna chini ya dole gumba hukaribiana sana na kidole, ukitaka pa kupumzikia, lakini soma kijitabu kwanza: si kila mashine imeruhusiwa kupima nje ya kidole.

Na hivyo vidole, unavitoboa wapi? Wengi hutoboa katikati ya ncha, palepale panaposukuma sindano ya kudarizia. Toboa ubavuni, tena cha pete na kidogo. Dole gumba na cha shahada waachie kofia. Nawa kwa sabuni, kausha. Ukimenya chungwa la Muheza halafu upime bila kunawa, mashine itakupa sukari ya chungwa.

Jambo la mwisho: mashine ya huko huenda inasoma kwa kipimo kingine (mg/dL), si hiki cha kliniki zetu (mmol/L). Ukiona 104 usipige yowe. Gawa kwa 18, utapata 5.8.